Nati za Mteremkoni

Mama mkwe aliruhusiwa kutoka hospitali jioni, jua likiwa limeshaegemea. Mume wangu ni fundi wa magari. Alasiri ile ile alikuwa amebadilisha tairi la nyuma, upande wangu, nami nikamtania njiani kwamba gari la fundi ndilo bovu kuliko yote mtaani. Akacheka.

Tulimlaza mama kwenye kiti cha nyuma, tukaanza kurudi. Njia inashuka mteremko mrefu, huku mwamba, huku korongo.

Hapo ndipo tuliposikia.

Tak... tak... tak...

Gari likayumba. Mume wangu akalisimamisha kando, akashuka kutazama. Nati zote za tairi lile zilikuwa zimelegea, unazizungusha kwa kidole.

"Haiwezekani," alinong'ona. "Nimezikaza mwenyewe."

Akachukua spana. Alikaza inavyotakiwa: nati moja, kisha ile inayotazamana nayo, akivuka huku na huku ili tairi likae sawa. Aliegemea spana kwa uzito wake wote mpaka kila nati ikagoma.

Hatukufika mbali.

Tak... tak...

Akashuka tena. Akakaza tena. Alipofungua mlango aingie, mama akainua kichwa.

"Mwanangu, mbona humkaribishi mwenzako?"

"Nani, mama?"

"Huyo aliyechuchumaa kwenye tairi."

Mume wangu aligeuka. Hakuona mtu. Mimi nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni...

Mkono.

Ulitoka chini ya gari, umevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, ila kwenye kiwiko lilikuwa limelowa damu. Vidole vilizungusha nati polepole, kwa upole, kama mama anayemfungua mwanawe vifungo. Harufu ya petroli ikaingia dirishani, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua. Nilitaka kupiga kelele.

Kisha, kutoka chini kule, mtu akauliza kwa adabu kabisa:

"Fundi... ulizirudia?"

Spana ilimponyoka mume wangu. Hakuuliza ni nani. Alimtoa mama garini, akambeba mgongoni, akanishika mkono.

"Tembea. Usigeuke nyuma."

Sikugeuka. Lakini tak... tak... ilitufuata gizani mpaka tulipoziona taa za nyumba za kwanza.

Usiku ule mume wangu hakulala. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kuna kijana alimletea gari, ana haraka, amevaa kapendeza, anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Mume wangu alimfungia tairi.

"Tairi likiwa hewani juu ya jeki, nati zinadanganya," alisema. "Unadhani zimekaza, kumbe bado. Lazima ushushe gari, tairi likanyage chini, ndipo uzirudie. Mimi nilishusha... simu ikaita. Nilipomaliza kuongea, nikamwambia tayari, nenda."

Kijana hakufika ukweni. Gari lilitumbukia kwenye korongo lile lile la mteremkoni, likawaka moto. Watu walisema ni mwendo kasi. Mume wangu alikwenda mazikoni, akasimama na watu, akanyamaza.

Asubuhi tulilifuata gari. Lilikuwa pale pale, limesimama sawasawa, milango imefungwa kama tulivyoiacha... hapana, tuliiacha wazi. Kwenye magurudumu yote manne hakukuwa na nati hata moja. Zilikuwa kwenye kiti cha dereva, zimepangwa vizuri. Nilishika moja. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kiganjani mwa mtu sasa hivi.

"Twende kwa mama yake," nilimwambia mume wangu. "La sivyo, hili halitaisha."

Tulimwacha mama mkwe amelala, tukaenda sisi, jua la mchana likiwaka. Njia nzima mume wangu alikuwa akifanya mazoezi ya maneno ya kuomba msamaha. Hata hayakuhitajika. Mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha. Mama wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye macho makavu, alimtazama mume wangu, akanitazama mimi.

"Najua, fundi. Ameshanieleza." Akasogea pembeni atupishe. "Ingieni. Alisema mtakuja watatu."

Mume wangu alitazama nyuma. Hakukuwa na mtu.

Mimi sikutazama nyuma. Yule mwanamke alikuwa amekodolea macho tumbo langu.

Mwezi ulipopita nikapima. Ni kweli, nilikuwa mjamzito.

Sasa mimba imekua, mtoto anacheza. Mume wangu husema yule kijana alituhurumia kwa ajili ya huyu mtoto, ndiyo maana tulitoka salama mteremkoni. Namwitikia, ndiyo, baba, alituhurumia. Sijamwambia kwamba mama wa marehemu hupita kila jioni, husimama ng'ambo ya barabara, na kuniuliza kwa tabasamu ni lini nitamletea mwanawe.