Sheria, Biashara na Wivu wa Zablon

Siku ya mnada Karatu, hata asiye na shida ya kitu huja, maana asiyekuja atasimuliwa. Vumbi jekundu, moshi wa nyama choma, mitumba imemwagwa juu ya maturubai. Hapo ndipo Penina aliposhika mkono wa jaketi la jinzi, akavuta, na jaketi likamvuta na yeye.

Upande wa pili alisimama kijana mrefu, suruali ya kaki, buti zinang'aa, miwani ya jua imekaa juu ya kofia.

"Dada, hilo ni la kiume."

"Nani kakwambia? Lina ndevu?"

Muuzaji alicheka mpaka akasahau kupandisha bei. Kijana akalipia, akamtupia Penina begani. "Livae wewe. Mimi nitakuwa naliangalia."

Alikuwa Zablon, dereva wa watalii, Mmeru wa Usa River. Penina alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu Dar es Salaam, akisomea ualimu kama baba yake, Mwalimu Martini, Mwiraqw aliyefundisha Nainokanoka, kwa Wamaasai wa Ngorongoro, hadi bintiye akakijua Kimaasai kama aliyezaliwa bomani. Kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulishajua nani kamnunulia nani nini.

Alipokuwa chuoni walipendana kwa simu. Penina anabipu, Zablon anapiga. "Umekula, asali?" "Nimekula." "Na nani?" Swali hilo halikukosa hata mara moja.

Likizo ndefu ilipofika, Jumapili moja walikaa mgahawani kando ya barabara kuu, sahani ya chipsi katikati, Penina kavaa kitenge cha njano kilichowafanya wapita njia wageuze shingo. Zablon alizihesabu shingo zote.

"Ualimu sitaki tena," Penina alisema. "Chuo kikifunguliwa, wiki ya kwanza wanaruhusu kubadili kozi. Nitaanza upya. Ama sheria, ama biashara."

"Biashara," Zablon alijibu upesi. "Nanunua gari langu mwenyewe, mimi usukani, wewe ofisi. Sheria miaka minne, mamaa. Nitaota mvi."

"Unazo tayari, umezificha kwenye kofia."

Simu ya Penina ikaita. Jina likasomeka wazi: Adrian.

"Huyo nani?"

"Wakili wa Arusha. Wana shirika la kusaidia wanawake. Alikuja kanisani kwetu."

"Wakili gani anapiga simu Jumapili?"

"Anayefanya kazi. Wewe Jumapili hupeleki wageni?"

"Mimi nawapeleka kwa simba. Yeye anakupeleka wapi?" Zablon akasukuma sahani. "Sasa nimejua sheria imetokea wapi."

Penina alitaka kumweleza. Alipoona taya la Zablon lilivyokaza akaghairi, na chipsi zikapoa.

Siku chache baadaye Zablon aliteremka Kreta ya Ngorongoro na wageni Waholanzi. Sasa hawa madereva wana redio za upepo ndani ya magari, za kupashana simba kalala wapi. Lakini simba hawatoshi kujaza siku nzima, kwa hiyo nafasi inayobaki hujazwa na maisha ya watu. Akisema mmoja, wanasikia wote.

"Zablon, Zablon, unanipata?" Alikuwa Inosenti, dereva mwenzake, yuko juu Nainokanoka.

"Nakupata, Ino."

"Huku kuna chui wa Karatu, kavaa jaketi la jinzi. Yuko na bwana kafunga tai shingoni. Wameingia boma moja."

Redio ikajaa vicheko. Mwingine akauliza kama chui huyo anauma. Zablon alisikia masikio yakiwaka moto, akashika kipaza sauti.

"Nimeshamwachia. Mwenye tai amchukue. Kumbe sheria inasomewa ndani ya gari la mwanaume."

Katika hasira alisahau kitu ambacho hata dereva mwanafunzi hasahau: gari la wakili nalo lilikuwa la watalii, limekodiwa Karatu, na redio yake ilikuwa wazi. Walishatoka bomani; ndani aliketi Penina, na pembeni yake Nashipai, mjane aliyenyang'anywa ng'ombe na shemeji zake.

Penina akainama mbele, akakichukua kipaza sauti cha dereva.

"Zablon, ni mimi. Nimesikia. Na huyu mama mjane ninayemtafsiria anaomba nimtafsirie na hayo. Nimwambie umesema nini?"

Kule Kreta Mholanzi mmoja akauliza kama wamepata habari za simba.

"Chui," Zablon alisema, "na amekasirika."

Sasa, tuseme ukweli, pua ya wivu ilinusa kitu. Njiani Adrian alilegeza tai yake na kusema taratibu, "Penina, mwanaume wa namna hiyo wa nini? Mimi nipo."

"Wakili, nina mtu wangu. Ni mjinga, lakini ni wangu. Twende kwa shemeji zake huyu mama kabla hawajauza ng'ombe."

Kesho yake Zablon alifika kwa Mwalimu Martini, kofia mkononi. Uani palijaa majirani, kila mmoja eti kaja kuomba chumvi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kutusomea taarifa ya habari?"

Uani watu wakaangua kicheko. Penina hakucheka. Aliendelea kupukuchua mahindi.

"Wakili anajua sheria, Kimaasai hajui," alisema bila kuinua macho. "Mimi najua Kimaasai, sheria sijui. Yule mama alikuwa ananitazama mimi, siyo wakili, na sikuwa na jibu langu mwenyewe la kumpa. Sheria yangu imetokea hapo."

"Na Adrian?"

"Kanitongoza. Baada ya wewe kutangaza kuwa sina mwenyewe."

Zablon akasogea karibu. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ninaye. Ungeniuliza mapema, ungejua mapema."

Zablon akachuchumaa mbele ya ungo, akaanza kupukuchua naye, vibaya. "Biashara niliichagua kwa faida yangu mwenyewe, Penina. Niliona huko sheria wamejaa wanaume wa tai. Kasome. Lakini wivu siwezi kukuahidi kwamba nitauacha. Nitakuwa mwongo."

"Kaa nao. Ila ukikuuma, niulize mimi. Usiulize magari."

Chuo kilipofunguliwa Zablon alimsindikiza stendi asubuhi. Penina aliketi dirishani. Kiti cha pembeni akaja kuketi kijana wa suti nyeusi, manukato yanatangulia. Zablon aliuma mdomo. Akaenda dukani, akarudi na soda mbili, akapitisha zote dirishani. "Na kaka naye anywe. Safari njema."

Basi lilipokuwa linapita Rhotia, simu ya Penina ikaita.

"Nina swali," Zablon alisema.

"Uliza."

"Huyo wa suti anaitwa nani?"

"Dennis. Anashukia Makuyuni, na anasema ahsante kwa soda. Lipo lingine?"

"Lipo. Wazee wangu waje lini kwa baba yako?"

Penina akajifunika jaketi lake la jinzi.

"Krismasi nitakuwa nyumbani," Penina alisema. "Waambie waje mchana, majirani wapate kuja kuomba chumvi."