Mkate Si Boflo

Asubuhi zangu huanza juu ya mbuzi. Nakuna nazi nne, nachuja tui, nampa Mama, kisha ndipo naoga na kwenda shule. Mama husema kwamba mimi hukuna nazi vizuri zaidi nikiwa na hasira, na kwa kuwa siku zangu nyingi ni za hasira, hatujawahi kukosa tui.

Jina langu ni Mardhiya, nina miaka kumi na miwili, na tunakaa mtaa wa Mkomani, Amu, yaani Lamu. Kwa miaka minne Mama, ambaye watu humwita Bi Shukri, alifua mashuka katika hoteli moja ng'ambo, Manda. Alivuka kwa mashua alfajiri na kurudi nimekwisha kula, vidole vimechubuka kwa dawa ya kufulia. Mwaka huu akasema basi, atapika mkate nyumbani auze. Alijipa miezi miwili tu. Biashara isipoenda, angerudi kwenye mashuka, nami sikutaka kabisa arudi.

Mkate wenyewe ni ule wa sinia. Mchele huroweshwa, ukasagwa pamoja na tui, ukatiwa sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukapikwa kwa makaa chini na juu. Kwetu sisi huo ndio mkate. Ule mwingine wa dukani, unaouzwa ndani ya karatasi, tunauita boflo.

Mama alininunulia rangi, akanipa ubao wa kutundika penye kona ya njia kuu.

"Una mwandiko mzuri," aliniambia. "Andika: mkate wa sinia, wa mtele na nazi, mtamu. Mmoya hutosha watu wanane. Uagizwe siku moya kabla. Usiate hata neno."

Mimi nilianza na ua. Nililitia petali saba, nyekundu na manjano, likapendeza mno, nikaliongezea majani. Nilipomaliza, nusu ya ubao ilikuwa imekwisha. Nafasi iliyobaki ilitosha MIKATE YA BI SHUKRI na namba ya simu. Nikajiambia, nani hapa Amu asiyejua mkate? Nikautundika mwenyewe. Mama alikuwa jikoni, hakwenda kuusoma, kwa kuwa aliniamini.

Siku ya Jumatatu alikuja Mwalimu Murithi, anayetufundisha hesabu. Kwao ni Meru.

"Mardhiya, mko na mkate?"

"Upo, Mwalimu."

Nilimletea kipande kwenye kisahani. Alikitazama, akakigeuza.

"Hii si mkate. Hii ni keki."

"Huu ndio mkate, Mwalimu. Unaotaka wewe ni boflo."

"Bo-nini?"

Akaenda zake akicheka, nami nikabaki nachemka. Mtu ametoka kwao huko, amekuja kwetu, halafu ananifundisha mkate ni nini! Siku mbili baadaye akaja mwanamke aliyetaka mkate wa kupaka majarini, kisha mzee mmoja aliyetaka mikate mitatu papo hapo, na hatukuwa na hata mmoja uliokuwa tayari. Wote wawili niliwajibu kwa ukali. Mama sikumwambia lolote, maana ningemwambia, angeuliza ubao unasemaje.

Ijumaa simu ililia, nikaipokea mimi.

"Hapo ni kwa mkate? Mimi ni Phineas, msimamizi wa mafundi wanaotengeneza ukuta wa baharini. Kesho saa nne nataka kumi. Imekatwa?"

"Tutaikata," nilisema.

"Sawa. Iwe fresh."

Mama aliposikia kumi, aliketi kwanza. Kisha akaniagiza kwa majirani kuazima masinia na mkaa. Jumamosi alianza kupika mara tu baada ya sala ya alfajiri, moshi umemjaa machoni, na saa tatu u nusu mikate kumi ilikuwa juu ya mkokoteni, imefunikwa kanga safi. Tuliusukuma pamoja hadi ufukoni. Mama alikuwa amevaa buibui lake jipya.

Bwana Phineas alifunua kanga, akatazama, akafunika tena.

"Hii ni nini?"

"Ni mkate, Bwana Phineas," Mama alisema. "Kumi, kama ulivyotaka."

"Mama, niko na watu ishirini hapa, wana njaa, na chai inapoa. Nimeagiza mkate, wewe unaniletea keki ya arusi?"

"Ubao wangu umesema waziwazi. Ni wa sinia, ni wa mtele."

"Ubao gani? Ule wa maua? Mimi nimeona mikate na namba ya simu. Basi."

Mama akanigeukia. Mafundi walikuwa wameacha kazi wanatutazama, na mimi hasira zikanipanda hadi masikioni.

"Kosa ni lake!" nilisema. "Kama hajui Kiswahili, angeuliza!"

"Nyamaa," alisema Mama. Akikasirika kweli, huongea polepole. "Uliandika nini, Mardhiya?"

Ningeweza kusema mvua imefuta maneno. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nilivitazama vidole vyake, vilivyoanza tu kupona, nikaona aibu. Nikamwambia kuhusu ua, kuhusu Mwalimu Murithi, na kuhusu wale wawili wengine.

"Watu watatu," alisema Mama. "Watatu wamekwambia, wala hukunambia. Ungenambia wa kwanza, leo singesimama hapa kuaibika mbele ya watu."

Bwana Phineas alikuna kidevu. Bado alikuwa amenuna, lakini alichukua mikate miwili kwa sababu chai ilikuwa inapoa. "Hata mimi sikufaa kuuliza tu kama imekatwa," alinung'unika. "Ningeuliza ni mkate wa aina gani."

Mama akanipa mpini wa mkokoteni. "Hiyo minane utaiuza wewe. Na utasema yote niliyokwambia uandike."

Niliusukuma mkokoteni ule nikilia kwa hasira, na safari hii sikujua namkasirikia nani. Penye kila duka na kila baraza nilisimama nikasema, "Huu ni mkate wa sinia, si boflo. Ni wa mchele na nazi, mtamu, una iliki. Mmoja hutosha watu wanane, na kipande pia nauza." Wengine walisema hawataki. Wengine walinunua. Hakuna aliyeniuliza ni kitu gani. Adhuhuri ilipoadhiniwa ilikuwa imebaki miwili, na hiyo Mama aliikata tukawagawia majirani, kwa kuwa sinia la kuazimwa halirudi tupu.

Alasiri nilipewa msasa. Nililisugua lile ua mpaka petali ya saba ikatoka, vidole vyangu vikachubuka, nikakumbuka dawa ya mashuka. Kisha nikaandika maneno yote, na chini kabisa nikaongeza: SI BOFLO WALA MKATE WA KUPAKA MAJARINI.

Jumapili Mwalimu Murithi alipita, akasimama, akausoma ubao wote.

"Kumbe," alisema. "Basi mimi nataka ule wa majarini. Nitaenda dukani." Akatuaga vizuri, akaenda.

Nilimtazama Mama, nikidhani atanikasirikia tena.

"Amekwenda bila kununua," alisema, "lakini hakuna aliyegombana. Neno ulijualo weye peke yako bado hujalisema, Mardhiya. Mwambie mtu kitu chako ni nini na si nini, kisha umwate aamue mwenyewe. Na ukiambiwa una kosa, lilete nyumbani lingali dogo."

Jioni hiyo Bi Bochaberi, muuguzi wa zahanati, alipiga simu kuagiza mikate mitatu ya sinia kwa ajili ya Jumanne. Alisema ameusoma ubao na hana swali. Nikarudi kwenye mbuzi kukuna nazi. Mama anasema siku hiyo nilizikuna vibaya.