Viatu vya Mandavi

"Hizo kuni za nini?" Mandavi aliuliza.

Alikuwa amesimama nje ya kibanda cha mumewe kule kijijini Nandigrama, bakuli la wali wa maziwa mkononi, na alijua wali wenyewe hautaliwa. Bharata alikula matunda na mizizi tu, akalala chini, nywele kaziacha zikajisokota. Miaka kumi na minne sasa. Kaka yake, Rama, alifukuziwa msituni ili yeye apewe ufalme, na yeye akaukataa. Akaweka mitalawanda ya Rama, vile viatu vyake vya mbao, juu ya kiti cha enzi, akawa anatawala kwa niaba yake. Watu wakamsifu mpaka basi. Mke aliyebaki mjini Ayodhya, mwendo mfupi tu kutoka hapo, hakuna aliyemuuliza ameamkaje.

"Kesho muda wa kaka unakwisha," Bharata alisema bila kuinua macho. "Jua likizama hajatokea, naingia motoni. Niliapa."

"Na mimi? Ulipokuwa ukiapa, mimi nilikuwa wapi?"

Bharata akapanga ukuni mwingine.

"Sita, mke wa kaka yako, alifuatana na mumewe msituni. Mimi niliomba nilale hata hapa mlangoni, ukakataa. Mume aliye mbali ningemwelewa. Wewe moshi wa moto wako nauona kutoka dirishani kwangu."

"Nisamehe, Mandavi. Sikuwa na la kufanya."

"Ulikuwa nalo. Hukulitaka."

Akachungulia ndani. Viatu vya Rama vilikuwa kwenye kile kiti cha enzi, chini ya mwavuli wa kifalme, vimepakwa manukato ya sandali, vina maua ya asubuhi hiyo. Aliviona akashikwa na wivu. Mtu mzima, binti wa wafalme, anaonea wivu viatu. Akavua vyake, vya mbao vilevile, vimelika visigino kwa hii njia, akaviweka kizingitini.

"Wasiokuwepo unajua kuwatunza," alisema. "Basi na mimi kuanzia leo sipo."

Akarudi Ayodhya peku, na wali wake.

Kesho yake hakuondoka dirishani. Jua likashuka, naye akawa anautafuta ule moshi huku akiomba asiuone. Kisha ngoma zikalia na vigelegele vikatanda mji mzima. Rama kafika. Watu walikimbia kumlaki, taa zikawashwa kila kibaraza. Mandavi alishukuru, akalia, na hakutoka. Mumewe alikuwa amepona kwa ajili ya kaka yake, si kwa ajili ya mkewe.

Mlango ukasukumwa. Bharata aliingia peke yake, kabeba viatu vya mkewe kichwani, kama alivyobeba vile vya Rama zamani.

"Umepita navyo hivyo mbele za watu?"

"Na mbele ya kaka. Aliniuliza ni vya nani. Nikamwambia ni vya mke wangu, nimechelewa kuvibeba."

Akapiga magoti, akamvisha. Mandavi alimwonyesha kitanda tu.

Bharata akakaa ukingoni kama mgeni, akajilaza, akajigeuzageuza. Mwishowe akashuka sakafuni. Miaka yote hiyo Mandavi alikuwa akiuwaza usiku huu, na hata siku moja hakuwaza kwamba kitanda kingebaki kitupu upande wa mumewe.

Akachukua mto wake, akashuka.

"Sogea kidogo," alimwambia.