Anayetangulia Duarani

Hapa Tinde, jioni huwa nasonga ugali na binti yetu Violeth mgongoni. Siku ile, mwaka 1999, mume wangu Magesa alirudi kutoka machimbo ya Geita akicheka.

"Mama Violeth, UKIMWI umekwisha! Redio imesema chanjo iko Uganda. Na pale machimboni kuna bwana anayo. Jumatatu tunapanga mstari, anatuchoma."

"Mstari? Sindano ziko ngapi?"

"Moja. Si hata ng'ombe wa baba walichomwa kwa moja, wakawa wazima wote?"

"Kwani wewe ni ng'ombe, Baba Violeth?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Niliepua sufuria, tukaenda kwa jirani yetu Serafina, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mbiombio?"

Magesa akaeleza. Serafina akatikisa kichwa.

"Umesikia nusu, mwanangu. Chanjo ile inajaribiwa tu. Haiuzwi popote. Huyo ni tapeli. Na sindano moja kwa watu wengi ndiyo inayobeba UKIMWI, damu hadi damu."

"Sasa wale wa Uganda wanachomwa nini?"

"Kitu cha kuufundisha mwili uvitambue virusi. Chenyewe hakiwezi kumwambukiza mtu UKIMWI. Wanaochomwa ni watu wazima wenye afya. Wameelezwa yote, wakakubali wenyewe. Swali la kwanza ni hili: je, ni salama? Madaktari wanawaangalia homa, uvimbe, damu. Anayetaka kuacha, anaacha."

"Na itawakinga?"

"Hakuna ajuaye bado. Nao wanaambiwa waendelee kujikinga, kama sisi."

 Magesa akasema polepole:

"Duara, shimo letu la dhahabu, likikaa siku nyingi bila mtu kushuka, mmoja hutangulia na mshumaa kupima hewa. Hachimbi kitu. Moto ukififia anatikisa kamba, tunamvuta. Akirudi salama, ndipo wengine tunashuka." Akavua kofia. "Kumbe wale ndio hao! Wazima, hawaumwi, na wanashuka kwa ajili yetu."



"Wabeja, mama," Magesa alimshukuru Serafina.

Alirudi Geita na kondomu za zahanati.

"Ni za wenzangu," aliniambia akiondoka.

"Na ukishindwa kunisubiri, ni zako," nikamjibu.

Jumatatu hakuna aliyepanga mstari. Magesa alikwisha kuwaeleza wenzake. Yule bwana akaondoka na sindano yake.

Wachimbaji humwombea kwa jina anayetangulia duarani. Siku hizi Magesa huongeza, "Na wale wa Uganda, tusiowajua majina."

Wote huitika, "Amina."