Harusi Saa Nane, Fainali Saa Tisa

"Nijibu swali moja tu, Marlys. Moja."

"Nimeshakujibu!"

"Umenipigia kelele. Hujanijibu."

Gordon Petrak alizima redio ya pikapu. Mtangazaji aliyekuwa bado akishangilia ushindi wa Chuo cha Brandvold akakatika katikati ya neno. Walikuwa wameegesha mbele ya nyumba ya Marlys, injini ikinguruma, theluji ikitua juu ya kioo, na hakuna aliyekuwa tayari kushuka.

"Mimi nilisema tufunge ndoa Juni," Gordon aliendelea. "Nani alikataa?"

"Mimi."

"Nani alisema Jumamosi ya mwisho ya Februari, saa nane mchana, kanisa liko wazi?"

"Mimi, Gordon. Mimi, mimi, mimi. Umeridhika?"

"Na lilikuwa wazi kwa nini?"

Marlys alivuta skafu yake ya kijani mpaka mdomoni. Mji mzima wa Millrace ulijua kwa nini. Jumamosi ya mwisho ya Februari ni siku ya fainali ya ligi ya mpira wa kikapu, na hakuna mtu mwenye akili timamu katika sehemu hiyo ya Iowa anayepanga harusi, ubatizo wala upasuaji wa goti siku hiyo.

"Nilijua," alisema. "Lakini Agosti makocha wa vyuo vyote tisa walipopiga kura ya kutabiri msimamo wa ligi, Brandvold waliiweka ya mwisho. Ya mwisho! Na timu nne tu ndizo huingia kwenye mtoano. Nikajiambia vijana wangu siku hiyo watakuwa bwenini wanafua soksi."

"Kwa hiyo hukuwaamini."

"Hata mimi sikuwaamini."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikuwa akikaa kwenye ukumbi wa Brandvold tangu akiwa msichana wa shule. Alimzaa Britta, akaachika, akapata kazi ya kusafisha meno ya watu, na majira yote ya baridi alikuwa pale pale, safu ya sita, nyuma ya meza ya waamuzi. Halafu mwaka ambao hakuwaamini, ndio mwaka walioamua kufanya mambo.

Ilianza Desemba, kimyakimya. Tobin Raske, kijana wa shamba mwenye mikono kama makoleo, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa baba yake kabla ya darasa la kemia, alianza kudaka kila mpira uliogonga chuma cha kikapu. Keon Stallworth, mwembamba, mpole, mtoto wa Chicago, alianza kutupa kutoka mbali mitupo ambayo haikuwa na haki ya kuingia, nayo ikaingia. Hakuna aliyekuwa akilipwa. Hakuna ambaye angeonekana kwenye televisheni kubwa. Walisafiri kwa basi usiku, wakifanya mazoezi ya hesabu kwa mwanga wa simu, na Jumatatu walikuwa darasani. Mara nyingine Marlys aliwatazama, nywele zikimsimama mikononi, akashindwa hata kupiga makofi. Wanampa nani vitu hivi? alijiuliza. Na kwa nini na mimi nimo kwenye mgao?

Leo walikuwa wameshinda ugenini na kumaliza wa kwanza. Maana yake mtoano wote ungechezwa nyumbani, Millrace. Nusu fainali Alhamisi. Fainali Jumamosi, saa tisa.

"Tusogeze saa," Marlys alisema. "Tufunge ndoa asubuhi. Wewe mwenyewe huna ndugu wa kuja, wageni wote ni wangu, na wote watakuwa ukumbini. Mchungaji Sorley mwenyewe ndiye mtangazaji wa ukumbini!"

"Saa si tatizo. Saa naweza kusogeza hata sasa hivi." Gordon alimgeukia. Alikuwa mtu mkubwa, wa maneno machache, aliyehamia kutoka Nebraska kusimamia ghala la mahindi, na mpira wa kikapu kwake ulikuwa kelele tu. Leo alimpeleka Marlys kilomita tisini kwenye mechi kwa sababu gari la Marlys lilikataa kuwaka, kisha akakaa nje kwenye pikapu akisoma gazeti. "Sahau asubuhi. Chukulia haiwezekani. Chukulia ni saa nane au hakuna harusi. Alhamisi wakishinda, Jumamosi saa nane wewe utakuwa wapi?"

Marlys alifungua mdomo.



Alijua jibu sahihi. Mtoto mdogo angelijua. Lakini kila alipolitafuta alimwona Keon akiinua mpira, na sekunde zikapita, na Gordon akawa anazisikia zikipita.

"Shuka, mpenzi," Gordon alisema kwa upole. "Barabara inaanza kuganda."

Afadhali angemtukana.

Jumapili hakupiga simu. Jumatatu Marlys alimwandikia: "Umekula?"

Jibu: "Nimekula."

Jumanne: "Gordon, tuongee."

Jibu: "Tutaongea. Si kwa simu."

Jumatano Britta alifika kutoka Des Moines na gauni lake la kuvaa harusini likiwa limekunjwa ovyo kwenye mfuko. Alimkuta mama yake jikoni akikoroga sufuria ya nyama na maharage iliyotosha kulisha kikosi, mikate ya mdalasini ikipoa dirishani.

"Yuko wapi bwana harusi?"

"Amekasirika."

"Kwa sababu ya?"

Marlys akamsimulia. Britta alisikiliza, akachovya mkate kwenye sufuria, akatafuna polepole.

"Mama, mtu anakuuliza utakuja kwenye harusi yako mwenyewe, na wewe unanyamaza?"

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Neno ni moja! Herufi tano!"

"Usinifokee jikoni kwangu."

"Baba alipoondoka ulilia siku mbili. Brandvold walipofungwa na Pruett kwa pointi moja ulilia wiki. Huyu Gordon ni mwanamume anayekufagilia theluji mlangoni kabla hujaamka. Ukimpoteza kwa ajili ya vijana ambao hata jina lako hawalijui, mimi sitakuhurumia."

"Tobin ananijua. Nilimsafisha meno."

"Mama!"

Alhamisi saa kumi na moja jioni ukumbi ulikuwa umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Wapinzani walikuwa Pruett, wale wale. Kila mtu alisimama, kama desturi, mpaka Brandvold wapate kikapu cha kwanza, na siku hiyo wakachelewa sana. Wazee wenye magoti ya bandia walisimama. Mama mjamzito safu ya nne alisimama, mkono kiunoni. Tobin alipotumbukiza mpira wa kwanza, watu wote waliketi kwa pamoja na mbao zikaguna.

Ikawa vita. Brandvold wakitangulia, Pruett wakifuta pengo. Pruett wakitangulia, Keon akirudisha. Kipindi cha pili kilipobakiza dakika tatu walikuwa sawasawa, na Keon akaangushwa chini. Mitupo miwili huru.

Watu zaidi ya elfu moja, na Marlys aliweza kusikia mpira ukidundwa mara tatu mbele ya viatu vya yule kijana. Alitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Mpira ukaondoka mkononi, ukazunguka, ukapita katikati ya chuma bila kukigusa.

Watu wakalipuka. Marlys akageuka kulia kusema, "Umeona?"

Kulia alikuwapo mtu asiyemjua, akila soseji.

Alishangaa. Gordon hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Mbona amegeuka? Kisha akaelewa, na kuelewa huko kukamtia kizunguzungu kuliko mtupo wenyewe: msimu mzima, kila mara kitu kizuri kilipotokea sakafuni, alikuwa akikihifadhi ili akampelekee yeye. Akifika nyumbani anampigia, anamsimulia, naye anasema "Ehe?" kwa ile sauti yake nzito. Furaha yote hii ilikuwa na anwani. Na sasa haina pa kwenda.

Akasimama.

"Mama, unaumwa?" Britta alimshika mkono.

"Naenda kumjibu."

"Sasa hivi? Zimebaki dakika tatu!"

"Nipe funguo za gari lako."

Alipita mbele ya magoti ya watu. "Marlys, umepagawa?" alisikia. "Kaa chini, dada!" "Muiteni daktari!" Hakutazama uwanjani. Alipofika mlangoni ukumbi ulipiga kelele nyingine nyuma yake na hakugeuka, jambo ambalo Millrace ingelizungumzia mpaka kiangazi.

Akasukuma mlango, akajikwaa kwenye buti za mtu.

Gordon alikuwa amesimama kwenye ujia, peke yake, karibu na meza ya bisi, koti bado lina theluji mabegani.

"Wewe!" Marlys alisema.

"Wewe!" Gordon alisema. "Unafanya nini huku? Zimebaki dakika tatu! Mchungaji katangaza wako sawa!"

"Hawako sawa. Keon amepata mtupo wa kwanza."

"Na wa pili! Umesikia ile kelele? Ni wa pili huo. Rudi ndani!"

"Nilikuwa nakuja kwako."

Nyuma ya meza, Bernadine muuza bisi aliacha kumimina siagi.

"Uko hapa tangu saa ngapi?" Marlys aliuliza.

"Tangu mwanzo wa kipindi cha pili. Nilikuja kukupa hiki." Alitoa bahasha kwenye koti. "Kibali cha ndoa. Nilitaka nikukabidhi wewe, ufanye utakavyo. Kisha nikafika mlangoni nikasikia..." Alionyesha kidole kwenye ukuta. "Hiyo."

Marlys alisikiliza. Maisha yake yote alikuwa ndani ya ile sauti. Hakuwahi kuisikia kutoka nje. Ilipita kwenye matofali, ikapanda kutoka sakafuni hadi magotini, kubwa, ya pamoja, kama ardhi yenyewe inavuta pumzi.

"Sikujua watu wanaweza kutoa sauti hii kwa ajili ya watoto wa wenzao," Gordon alisema. "Nimesimama hapa kama mjinga. Nimeshindwa kuingia, nimeshindwa kuondoka. Nikawaza, nani anamwambia mwanamke aache kitu kama hiki?"

"Ningekuja kanisani, Gordon."

"Huna haja ya..."

"Nyamaza nimalize. Jumamosi saa nane ningekuwa kanisani. Ningelia, pengine ningekuwa na redio ndani ya gauni, lakini ningekuwa pale. Nimetoka sasa hivi na dakika tatu zimebaki. Angalia miguu yangu iko wapi."

Gordon aliitazama miguu yake. Akajifuta macho kwa kiganja.

"Mtaendelea kulia au mtaingia?" Bernadine alifoka. "Mnanizibia meza!"

Waliingia, wakasimama mlangoni wamebanana na watu wa zimamoto waliokuwa wa zamu. Gordon aliona dakika ya mwisho mdomo wazi. Pruett walisawazisha. Tobin alikosa, akaruka tena, akadaka mpira katikati ya mikono sita, akaurudisha juu taratibu, kama mtu anayeweka yai kwenye kiota. King'ora kikalia. Brandvold, kwa pointi mbili. Gordon alimbeba Marlys juu akamzungusha, akamkanyaga mtu wa zimamoto, akaomba radhi, akamzungusha tena.

"Sasa Jumamosi," alisema akihema. "Asubuhi. Au jioni. Saa yoyote, nitakaa na wewe hapa kwenye..."

"Hapana."

"Hapana?"

"Jumamosi ni yao. Sitaki wewe uchangie siku na kitu kingine chochote. Kibali kinaruhusu leo?"

"Kinaruhusu tangu juzi."

"Basi twende."

Alimshika mkono akamburuta kukatiza sakafu, kati ya wanafunzi waliokuwa wakirukaruka, hadi kwenye meza ya waamuzi ambako Mchungaji Sorley alikuwa akikunja waya wa kipaza sauti.

"Mchungaji, tufungishe ndoa."

"Jumamosi, binti yangu. Nimeandaa mahubiri mazuri sana."

"Utayahubiri kwenye chakula. Sasa hivi. Britta! Shuka huku! Bernadine, acha bisi, uwe shahidi!"

"Mama, gauni langu liko nyumbani!"

"Na langu pia!"

Habari ilipanda safu kwa safu haraka kuliko mchungaji alivyoweza kutoa miwani yake. Watu waliokuwa wakitoka walirudi. Vijana wa Brandvold walitokea kwenye chumba cha kubadilishia wakiwa na taulo shingoni, na Tobin akanong'ona, "Ni yule mama wa meno." Hata watu wa Pruett, macho mekundu, walisimama kwenye ngazi wakavua kofia.

"Gordon," Mchungaji alianza, "je, unamchukua Marlys..."

"Namchukua."

"Na wewe, Marlys, je, unamchukua Gordon..."

"Ndiyo!"

"Sijamaliza."

Mchungaji Sorley alikuwa mtu wa utaratibu. Alilisoma swali lote mpaka mwisho, kwa raha na kwa dhiki, kwa afya na kwa maradhi, na Marlys akamtazama Gordon machoni wakati wote, kisha akajibu tena.