Kura ya Macho Yaliyofumbwa

"Kitabu chako kikikataliwa, mimi Wangila nitazitafuna karatasi zote sitini, na pini juu!"

Naeku alicheka mpaka chai ikampalia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa 2003, katika hoteli moja ya Kitengela. Wangila alikuwa amevaa tai, ile moja aliyokuwa nayo duniani, maana alikuwa anaenda Kajiado kwa kamati ya kanisa inayochagua vitabu vya kusomwa katika shule zake. Watu watano hupiga kura. Yeye, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa mmoja wao.

"Usicheze, Wangila. Unajua nilikiandika kwa sababu ya nani."

Alijua. Nasieku, dada mdogo wa Naeku, aliozwa akiwa darasa la saba, akafa akijifungua kabla hajatimiza miaka kumi na sita. Ndani ya kitabu, Naeku alikuwa amempa maisha mengine: msichana wa kidato cha pili anapenda kijana, kijana anampenda, ukurasa wa thelathini na nne wanashikana mikono, halafu wanangojana mpaka wamalize shule. Basi.

"Wazee wataogopa hapo kwa mikono," Naeku alisema.

"Waogope! Mimi nikisimama kuongea, hata mlima wa Namanga unakaa chini."

Kumbe mlima wenyewe ulikuwa unamngoja Kajiado. Mzee Tajeu, baba mdogo wa Naeku na mmoja wa wale watano, alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, kando ya mama mchungaji, fimbo katikati ya magoti. Babake Naeku alishafariki, kwa hivyo Desemba, watu wa Wangila wakitoka Bungoma kuja kuposa, ni huyu mzee angewapokea. Au awarudishe.

Na Wangila alikuwa ameonywa na kila mtu: mkwe habishiwi.

"Mwalimu," Mzee Tajeu aliita, "msichana wa shule kushikwa mkono na kijana. Wewe unaona inafaa?"

Ule ulimi unaochekesha darasa zima ulikauka kama ngozi iliyoanikwa.

"Mzee... vijana wa siku hizi... ni kuangalia tu."

"Kuangalia nini?"

"Ni kuangalia, mzee."

Phylis, katibu wa kamati, akaandika kitu.

Desturi yao ilikuwa kupiga kura macho yakiwa yamefumbwa, kama wanaomba, ili mtu asimwogope jirani yake. Katibu hapigi kura. Kazi yake ni kuhesabu mikono.

"Anayeona kitabu kinafaa, anyooshe."

Mkono wa Wangila ulibaki gotini. Hata gizani alikuwa anauona uso wa mzee.

"Anayeona hakifai?"

Mkono ukapanda.

"Fungueni macho," Phylis alisema. "Wawili wamekubali, watatu wamekataa. Kitabu kimeanguka."

Kabla hajafika barabarani, simu ya Wangila ililia. Meseji: "Imeenda aje?"

Aliandika, akafuta, akaandika tena: "Nimepigana kama simba. Tulikuwa wawili, wakatushinda. Pole mpenzi."

Jioni alimkuta Naeku kwa hoteli ileile. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Ni baba mdogo, si ndio?"

"Sitaki kutaja mtu." Halafu akataja. "Mzee alikuwa mkali, Naeku. Alinirushia maswali kama mawe."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia, mzee, hawa wasichana wakikosa kitabu kama hiki, watafunzwa mapenzi na nani?"

Maneno matamu. Yalikuwa yamemjia njiani akirudi.

"Asante," Naeku alisema. "Wewe ndio umebaki upande wangu. Na huyo mzee, tumemalizana. Alikula ng'ombe za mahari ya Nasieku, sasa amemzika mara ya pili. Desemba sitaki hata akanyage hapo."

Wangila alikoroga chai isiyokuwa na sukari.

Ndipo Phylis alipoingia, bahasha kwapani.

"Sopa, Naeku."

"Ipa, Phylis. Karibu."

"Sikai. Nimekurudishia kitabu. Mzee Tajeu amesema usikitupe. Amesema alimwona Nasieku kila ukurasa. Baada ya kura alishindwa kuinuka kwa kiti, tukamngoja."

"Mzee Tajeu? Si ni yeye alikikataa?"

"Nani amekuambia hivyo?"

Naeku akageuka. Wangila akacheka, kicheko cha mtu anayeteleza.

"Phylis, kura ni siri! Tulifumba macho wote. Nani anajua nani alinyoosha nini?"

"Wangila anasema alikuwa mmoja wa wale wawili," Naeku alisema polepole.

"Wale wawili ni Mzee Tajeu na mama mchungaji," Phylis alisema, akiiweka bahasha mezani bila kumwondolea Wangila macho. "Nyinyi watano ndio mlifumba, mwalimu. Mimi nilikuwa nahesabu."