Kibali cha Dakika Kumi

Rafiki yangu Swabir, fundi wa umeme kutoka Waa ambaye tumbo lake hufika kabla ya salamu, aliitwa hoteli moja Diani kutengeneza taa ya chumba cha barafu. Kufuli la mlango lilikuwa la mtandao, likifunguliwa kwa kibali kinachotumwa kwenye simu.

"Kihuishe kila dakika kumi, fundi, ama mlango utajifunga," alionya Loice wa mapokezi.

"Nikiganda, dada, niuzeni pamoja na hao samaki wenu, changu!"

Aliingia peke yake akimulika kwa simu, hadi ikazimika. Giza. Kufuli likalia tii, likajifunga. Akagonga mpaka ngumi zikafa ganzi.

"Hodi!" aliita, mzaha umemkauka.

Nyuma yake, kitu kikabonyezwa taratibu. Tii. Mlango ukafunguka.

Alipofika mapokezi, Loice alikuwa ameikodolea macho kompyuta. "Fundi, uliingia na nani? Kibali kimehuishwa kwa simu nyingine, na bado imo humo ndani."